Kuku Mgeni na Kamba Yake: Jinsi ya Kuingiza Kuku Wapya Katika Banda na Kuwaachia Huru

Waswahili husema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii hutumiwa kumsema mtu aliyehamia mahali, ambaye kwa muda hutambulikana kwa alama za ugeni wake; lakini asili yake ni jambo halisi la ufugaji. Kuku anunuliwapo katika kijiji cha pili hufungwa kamba mguuni, akaachwa chini ya mwembe au kando ya nyumba kwa siku mbili tatu, mpaka aache kukumbuka alikotoka. Desturi hii ni ya siku nyingi, na ndani yake mna hekima.

Hata hivyo, si mara chache kaya hupata hasara muda mfupi baada ya kuleta kuku mgeni. Pengine kamba ikisha kufunguliwa mgeni hupotea porini. Pengine hubaki, lakini huonekana amejikunyata pembeni, kichwa kimechubuka, hali wala hatagi. Na pengine hutokea balaa iliyo kubwa zaidi: katika muda wa majuma mawili mgeni na wenyeji wote hufa, na banda likabaki tupu. Kwa kaya ambayo kuku ndio akiba ya kununulia madaftari, chumvi na dawa, hasara hiyo si ndogo.

Makala haya yanaeleza sababu za hasara hizo na namna ya kuziepuka. Kuku mgeni anahitaji mambo matatu: kwanza, ahakikishwe kuwa ni mzima, pili, apate nafasi yake miongoni mwa wenyeji, tatu, ajue kwao ni wapi. Kamba mguuni husaidia jambo la tatu peke yake. Kwa yale mawili ya kwanza haisaidii kitu, na pengine hudhuru.

KUKU WA ULYANKULU

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Kaliua, ndani ya ukanda wa misitu ya miombo. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa sehemu ya milki ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Haikuwa mbali na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Wasafiri wa njia hiyo walinunua kuku katika vijiji walivyopitia, wakilipa kwa nguo na shanga. Baadaye reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kuku wakaanza kusafirishwa kwa mabehewa.

Mwaka 1972 Ulyankulu ilifanywa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu ya wakazi ilihamishiwa Mishamo, kwa kuwa ardhi na maji havikutosheleza idadi ya watu. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitoa uraia kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Historia hii ya kuhama na kuhamia inayahusu mabanda ya kuku pia. Familia inayoanza maisha mahali papya hukusanya kundi lake kidogo kidogo: mtetea mmoja kutoka kwa jirani, wawili kutoka mnadani, jogoo kutoka kwa shemeji wa kijiji cha mbali. Kila mara kuku wasiojuana hukutanishwa.

Aidha, kuku wenyewe si wa namna moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamewatenga kuku wa kienyeji wa Tanzania katika aina kadhaa, miongoni mwao Kuchi, Ching'wekwe na Singamagazi. Singamagazi ni kuku wa Tabora na umbo lake ni kubwa. Katika miaka ya karibuni vimesambazwa pia vifaranga vya Kuroiler, ambao asili yao ni India, na Sasso wa Ufaransa. Hivyo basi, katika ua mmoja huweza kukutana kuku mkubwa na mdogo, na aliyekulia porini na aliyelelewa katika chumba chenye joto ambaye hajapata kumwona mwewe.

KUKU NI NDEGE WA DARAJA

Asili ya kuku wafugwao ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, ambaye mpaka leo huishi katika makundi madogo ya jogoo na mitetea kadhaa. Kuku wa nyumbani ameirithi tabia hiyo ya kundi. Mtu aliyeieleza kwa mara ya kwanza kwa njia ya sayansi ni Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway. Tangu utotoni alikuwa akiwatazama kuku na kuandika nani alimdonoa nani, na mwaka 1922 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake.

Aligundua kwamba kudonoana kwa kuku si ugomvi wa ovyo. Kila kundi lina daraja. Kuku wa juu huwadonoa wote, wala hadonolewi na yeyote; wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza; na hivyo hivyo mpaka wa mwisho, anayedonolewa na kila mmoja. Daraja likisha kutulia, ugomvi hupungua sana. Kuku wa chini akimwona wa juu anakuja humpisha, na wa juu hana haja ya kupigana. Hivyo daraja huleta amani bandani. Majogoo huwa na daraja lao na mitetea lao. Vifaranga waliokua pamoja huanza kupanga la kwao kadiri ya umri wa majuma 6 hadi 10.

Jambo hili mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kulihakikisha mwenyewe. Na achague kundi la kuku wasiozidi 8, awafunge vitambaa vya rangi mbalimbali miguuni, kisha kila jioni kwa siku 5 awatupie mtama kidogo na kuwatazama kwa dakika 10. Katika daftari achore jedwali lenye jina la kila kuku upande wa kushoto na juu pia. Kila mara kuku mmoja amdonoapo mwingine, aweke alama mahali panapohusika. Baada ya siku hizo, jedwali litaonyesha bila shaka nani yuko juu na nani yuko chini.

Ili daraja lidumu, ni lazima kila kuku amtambue mwenzake. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa: umbo la upanga, rangi ya uso na undevu wa nyama ulio chini ya mdomo. Kwa sababu hiyo, hata kuku mwenyeji akitengwa kwa majuma kadhaa, pengine kwa ugonjwa, arudipo huweza kupokewa kama mgeni na kupigwa.

HESABU YA UGOMVI

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini kuku mgeni aliye peke yake huteseka kuliko wageni walio wengi. Katika kundi la kuku 8, kila kuku ana uhusiano na wenzake 7. Idadi ya jozi ni 8 mara 7, kugawanya kwa 2, yaani 28. Jozi zote hizo zimekwisha kuamua nani mkubwa wa mwenzake, na ndiyo maana kuna utulivu.

Akiletwa mgeni mmoja, huzaliwa jozi mpya 8 zisizoamuliwa, na zote zimemwangukia yeye. Kila akimaliza na huyu, huja yule. Hapati nafasi ya kula, kunywa wala kupumzika. Wakiletwa wageni 4 wanaojuana, jozi mpya huwa 32, lakini katika saa za kwanza zilizo ngumu, wenyeji 8 hugawana wageni 4: ni sawa na wenyeji wawili kwa kila mgeni badala ya wanane kwa mmoja. Tena wageni hao tayari wana daraja lao, nao hukaa pamoja. Kwa hiyo, ikiwezekana, mfugaji na anunue wageni wawili, watatu au zaidi kutoka kundi moja, wala asimlete mmoja peke yake.

Mateso ya mgeni hayaishii katika majeraha. Mwili wa kuku mwenye hofu hutoa homoni ambazo zikiendelea kwa siku nyingi hupunguza nguvu ya kinga. Utagaji husimama, na maradhi yaliyokuwa yamelala mwilini, mathalani kuhara damu, hupata nafasi ya kuamka. Mgeni aliyefika mzima aweza kuugua kwa sababu ya mapokezi mabaya tu.

Hapo ndipo udhaifu wa kamba unapoonekana. Silaha pekee ya kuku wa chini ni kukimbia. Mgeni aliyefungwa mguu mbele ya wenyeji hana pa kukimbilia. Hudonolewa kichwani mpaka damu itoke, na damu hiyo huwavuta wengine wamdonoe zaidi. Aidha, huweza kunaswa na kamba katika jua kali, au kukamatwa na nguchiro au mbwa bila kujitetea.

HATARI ISIYOONEKANA

Ugomvi huonekana kwa macho. Maradhi hayaonekani mpaka yamekwisha kuingia. La kuogopwa kuliko yote ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu husababishwa na virusi. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza, ambao ndio uliotoa jina linalotumiwa na madaktari wa mifugo duniani. Katika Afrika Mashariki uliripotiwa karibu na Mombasa mwaka 1935, kisha ukasambaa bara. Haukuhitaji mabawa ya kuruka mbali, kwa kuwa matenga ya wachuuzi yaliubeba.

Kuku mwenye mdondo huhema kwa shida na huharisha choo cha kijani. Wengine hupinda shingo au hupooza mabawa na miguu. Katika kundi lisilochanjwa huweza kufa karibu wote. Virusi hutoka katika kinyesi na katika makamasi. Hubebwa na tenga, viatu, maji machafu na manyoya yaliyotupwa baada ya kuchinja.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita siku 2 hadi 15, na mara nyingi siku 5 au 6. Katika siku hizo kuku hutembea, hula na huwika kama kawaida, na mnunuzi mwenye macho makali hawezi kumtambua. Zaidi ya hayo, mfugaji aonapo kuku wawili watatu wamekufa, mara nyingi huwakimbiza waliobaki mnadani ili asipate hasara yote. Kwa hiyo kuku wanaouzwa kwa wingi na kwa bei ya chini isiyo ya kawaida, hasa katika miezi ya mwisho ya kiangazi, yafaa watiliwe shaka. Bei hiyo ndogo yaweza kuwa bei ya kundi zima la nyumbani.

Yapo maradhi mengine ya kuletwa na mgeni. Ndui ya kuku huonekana kwa vipele na magamba kwenye upanga na kandokando ya macho, na huenezwa pia na mbu. Mafua makali huvimbisha uso na kutoa makamasi yenye harufu mbaya. Kuku aliyepona mafua haya, au aliyepona homa ya matumbo, huweza kuendelea kubeba viini vyake kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo ni vema kumwuliza muuzaji habari za kundi alikotoka kuku. Kununua kwa jirani ambaye kundi lake linajulikana na limechanjwa ni salama kuliko kununua mnadani, ambako kuku wa vijiji kumi wamelala tenga moja.

SIKU 21 ZA KUTENGWA

Kinga ya kwanza basi ni karantini. Mgeni asiingie katika banda wala katika ua wa wenyeji, bali akae peke yake au pamoja na wageni wenzake kwa siku 21. Idadi hii imewekwa kwa kuwa inapita muda wote ambao mdondo huweza kujificha mwilini. Mahali pa kumweka hapahitaji gharama: kibanda cha fito na nyasi, au tenga kubwa chini ya paa, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenyeji. Awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Wenyeji wahudumiwe kwanza, mgeni mwisho. Na anayemhudumia anawe mikono na kusafisha viatu kabla ya kurudi kwa wengine.

Siku ya kwanza mgeni akaguliwe mwili mzima. Viroboto hujishika katika ngozi isiyo na manyoya, kuzunguka macho na upanga, wakaonekana kama punje nyeusi. Hawa hupakwa mafuta mazito yanayowaziba pumzi, kwa uangalifu yasiingie machoni. Utitiri na chawa hutafutwa chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja. Mgeni apewe pia mahali pa vumbi kavu lililochanganywa na majivu ya kuni, maana kuku hujisafisha kwa kuoga vumbi. Tenga alilokuja nalo lianikwe juani au lichomwe ikiwa limechakaa, kwa kuwa papasi wa kuku hujificha katika nyufa mchana na kutoka usiku kunyonya damu.

Katika siku hizo hizo mgeni achanjwe, na wenyeji ambao muda wao wa chanjo umefika wachanjwe pia. Kwa vijiji vilivyo mbali na umeme, chanjo inayofaa zaidi ni ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya mtaalamu Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ambayo hutengenezwa pia hapa Tanzania. Sifa yake ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo yapasa ifichwe jua na kuwekwa mahali pa baridi. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kinga hujengeka katika muda wa juma moja hadi mawili. Hivyo siku 21 hufanya kazi mbili kwa pamoja: humfichua mgonjwa, na humpa mzima nafasi ya kujenga kinga. Ieleweke kwamba chanjo si dawa. Haimponyi kuku ambaye virusi vimekwisha kumwingia. Mgeni akifa katika karantini, azikwe shimoni au achomwe moto, na mtaalamu wa mifugo wa kata apewe habari.

KUONANA KABLA YA KUKUTANA

Karantini ikisha, mgeni asiingizwe moja kwa moja. Juma moja linalofuata ni la kuonana bila kugusana. Kibanda cha mgeni husogezwa karibu na banda la wenyeji, au sehemu ya banda hutengwa kwa fito zilizosimamishwa karibu karibu, au kwa wavu. Wenyeji huja, hutazama, hutanua manyoya ya shingo, kisha siku ya tatu au ya nne huchoka. Kutishana kwa macho huamua sehemu ya ugomvi bila damu kumwagika.

Baada ya hapo huja siku ya kuingia, na wakati unaofaa ni usiku. Jicho la kuku limeumbwa kwa mwanga wa mchana: lina chembe nyingi za kutambua rangi, na chache za kuona katika giza. Ndiyo maana jua likichwa kuku hutafuta pa kulala na kutulia. Mgeni akiwekwa taratibu juu ya kichanja cha kulalia, miongoni mwa wenyeji waliokwisha kulala, hakuna wa kumshambulia. Asubuhi huamka akiwa mahali pa kundi na akiwa na harakati za kundi. Usiku lakini hautoshi peke yake. Ikiwa wenyeji hawajapata kumwona, vita itaanza alfajiri. Ni juma la kuonana ndilo linaloupa usiku huo faida.

Asubuhi hiyo mfugaji awepo. Maandalizi ni haya:

1. Chakula na maji viwekwe mahali pawili au zaidi, penye kizuizi kati yake, ili kuku wa juu asiweze kulinda pote kwa wakati mmoja.

2. Kichanja kiwe na nafasi ya kutosha, kadiri ya sentimeta 20 kwa kila kuku. Kuku 12 wanahitaji sentimeta 240, yaani fito mbili za sentimeta 120 kila moja, zilizowekwa kwa kimo kimoja.

3. Ziwepo kona za kujificha: kikapu kilichoinamishwa, ubao ulioegemezwa ukutani, tawi lenye majani.

4. Zitundikwe mboga za majani au suke la mtama, ili wenyeji wapate shughuli nyingine.

Kudonoana kidogo na kufukuzana kwa siku mbili tatu ni jambo la lazima, wala mfugaji asiingilie. Akimtoa mgeni kila anapodonolewa, daraja halitaamuliwa kamwe. Lakini damu ikitoka, mgeni atolewe mara moja, apakwe dawa, na arudishwe jeraha likisha kukauka. Kama mchokozi ni mmoja tu, ni afadhali kumtenga yeye kwa siku chache. Arudipo atakuta mambo yamebadilika. Vifaranga na kuku wadogo wasichanganywe na wakubwa wasio mama yao mpaka wawe wamekaribiana nao kwa umbo. Jogoo mpya asikutanishwe na wa zamani katika ua mdogo. Ni vema wa zamani auzwe kwanza, kwa kuwa jogoo mmoja hutosha mitetea 10.

KUACHIWA HURU

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo kamba ilikusudiwa kuitimiza: kumfanya mgeni ajue kwao. Kuku hurudi jioni mahali alipozoea kulala. Mgeni aliyelala bandani kwa siku 5 hadi 7 bila kutoka huhesabu kwamba hapo ndipo kwake, na kamba haihitajiki tena.

Siku ya kwanza ya kutoka afunguliwe saa 11 jioni, muda mfupi kabla ya jua kuchwa. Hatakwenda mbali, na giza litamrudisha. Kesho yake afunguliwe saa 10, na siku inayofuata saa 9, mpaka azoee kutwa nzima. Jioni itupwe konzi ya pumba au mtama mlangoni mwa banda, kwa mwito ule ule kila siku. Baada ya muda mfupi mwito peke yake utatosha. Asubuhi wasifunguliwe mapema mno, kwa kuwa kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri, na mgeni aliyetoka alfajiri huficha mayai yake kichakani.

Katika mazingira ya Ulyankulu, kuku anayejitafutia hupata mbegu za majani, funza, panzi na zaidi ya yote mchwa. Mchwa ni chakula cha kujenga mwili, na mfugaji aweza kuwavuna: chungu kikuukuu hujazwa mabua makavu na samadi iliyoloweshwa, kikafudikizwa usiku juu ya njia ya mchwa, na asubuhi huwa kimejaa. Mvua za kwanza za mwezi wa Novemba huleta kumbikumbi. Kiangazi chakula hupungua, na hapo kuku hupaswa kuongezewa. Kwa hiyo wakati ulio rahisi kwa mgeni kuzoea kujitafutia ni ule wa masika na wa mavuno, siyo mwisho wa kiangazi ambapo chakula ni haba na mdondo umekaribia.

Hatari za nje ni mwewe, nguchiro, kicheche na nyoka. Kuku waliolelewa vyumbani hawazijui, hivyo watolewe pamoja na wenyeji wenye uzoefu, ambao mlio wao wa tahadhari huwafundisha wenzao kukimbilia kichakani. Vichaka vichache vya chini vikiachwa karibu na ua huwa kimbilio. Hatari nyingine imetokana na binadamu: vitalu vya tumbaku hunyunyiziwa dawa za kuulia wadudu, na kuku akichakura humo huweza kufa kwa sumu. Tena huharibu miche ya jirani na kuzua kesi. Kitalu kizungushiwe uzio, na siku ya kunyunyizia kuku wafungiwe.

HITIMISHO

Ikijumlishwa, njia iliyoelezwa huchukua siku 21 za karantini, siku 7 za kuonana, na siku 5 hadi 7 za kulala pamoja bila kutoka; yaani majuma matano hivi. Mfugaji aliyezoea kamba ya siku tatu huweza kuona kuwa muda huo ni mrefu. Lakini kundi la kuku 8 lililokufa kwa mdondo huhitaji miezi mingi kurudishwa, na fedha za kununulia mbegu mpya hazipatikani kwa urahisi. Wahenga waliona kwamba mgeni hawezi kuwa mwenyeji kwa siku moja, wakamfunga kamba. Sayansi inakubaliana nao juu ya subira, ila inaihamisha kutoka mguuni kwa kuku na kuiweka katika kalenda ya mfugaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kundi lina kuku 10. Jozi zake ni ngapi? Wakiletwa wageni 3, jozi mpya kati ya wenyeji na wageni zitakuwa ngapi?

2. Kwa nini karantini ya siku 5 haitoshi kumlinda mfugaji dhidi ya mdondo?

3. Mgeni aliingizwa bandani usiku bila kuonana na wenyeji kwanza. Eleza yatakayotokea asubuhi, na sababu yake.

4. Taja hasara mbili za kumfunga kuku mgeni kamba mbele ya kundi.